Pini ya Kituo cha Kumi na Moja

"Ungekufa? Hebu niambie, ulimi ungekatika ukimwambia?"

"Sheria ni sheria, mama watoto."

"Sheria ya nani? Ya maiti wako au ya sisi tulio hai?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Pini unachoma wewe, kwa mkono wako huo huo. Asubuhi unachoma pini hamsini, mchana mwanao anaingia kuulizwa pini zilezile. Ungemtajia kumi tu, leo tusingekuwa tumekaa hapa kama tumefiwa."

Mama alisimama katikati ya sebule, sare ya shule yenye mkono mmoja imemning'inia begani, pini zake mwenyewe amezibana mdomoni upande mmoja. Alikuwa fundi cherehani. Akiwa na hasira hushona mbio mpaka sindano zinakatika, lakini jioni hiyo hata cherehani alikuwa ameiacha. Mumewe alikaa kwenye kiti cha plastiki, nywele bado mbichi. Kila akitoka kazini alioga nje kwanza, kwa sabuni na limau, na bado harufu ya dawa ya kuhifadhia miili ilimtangulia mlangoni.

Binti yao alikaa sakafuni, mgongo ukutani, koti jeupe amelikunja mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa ameshamaliza.

Matokeo yalibandikwa chuoni saa tisa mchana. Mtihani wa marudio wa elimu ya viungo vya mwili, watahiniwa tisa. Pasi ilikuwa hamsini. Yeye alipata arobaini na tisa. Na marudio hayana marudio: Jumatatu saa sita mchana baraza la chuo linakaa, likishatia sahihi, mtu anafungasha vitabu vyake na udaktari anausikia redioni.

"Alama moja," mama alisema. "Moja! Hata muuza nyanya anaongeza moja."

Baba alikuwa mhudumu wa ukumbi wa miili kwa miaka thelathini na moja. Kazi yake kuipokea miili, kuitia dawa, kuifunika, kuifunua, na siku ya mtihani kuchoma pini mahali mkuu wa idara alipoweka alama kwenye karatasi. Ukumbi ulikuwa chini, ngazi kumi na nne kutoka korido, kwa hiyo wanafunzi walimwita Profesa wa Chini. Shule yenyewe aliishia darasa la saba, lakini hakuna daktari aliyetoka chuo kile bila kuonyeshwa na yeye wengu liko wapi.

Siku binti alipochaguliwa, wao wawili waliwekeana neno. Chuoni hatujuani. Wewe mwanafunzi, mimi mhudumu. Ukinikuta kwenye korido, pita. Watu wasije wakasema unabebwa. Binti alilishika neno lile miaka miwili. Alimpita babake kwenye ngazi kama anavyopita ndoo ya deki. Mama alipogundua, aliwanunia wote wawili wiki nzima.

"Na wala sikufeli kwa uvivu," binti alisema ghafla. "Kuna swali moja sielewi kwa nini wamenikosesha. Kumi na moja. Nimeenda kuuliza, nikaambiwa jibu ni neva. Si neva, baba. Nimegusa. Wewe si ulisema tusiamini rangi, tuviringishe kwa kidole? Nimeviringisha. Kilikuwa na uwazi ndani kama mrija. Nikaandika mshipa wa damu."

"Kumi na moja ipi?" baba aliuliza.

"Mkono wa yule mzee wa meza ya tatu. Hapa kwenye kiwiko."

Baba aliinuka, akasema anaenda kutupa maji ya kuogea. Mama akamwambia maji alishayatupa mwenyewe.

"Basi naenda kuangalia kama yametupika," alisema, akatoka.

*

Huko nje alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mambo yakamrudia moja baada ya jingine.

Mtihani ule hufanywa kwa mstari. Mtahiniwa wa kwanza anaanza kituo cha kwanza, kengele ikilia anasogea cha pili na wa nyuma yake anaingia, hivyo hivyo mpaka wote wapite vituo hamsini. Dakika moja kila kituo. Sheria ni kwamba pini ikitikisika, mhudumu haigusi. Ananyoosha mkono, msimamizi anakuja, anairudisha yeye kwa karatasi yenye alama.

Mtahiniwa wa tano alikuwa jamaa mnene mwenye haraka. Kengele ilipolia akageuka, nyonga ikagonga meza ya tatu, pini ya kumi na moja ikadondoka kwenye sinia. Msimamizi alikuwa ametoka nje. Mtahiniwa wa sita alikuwa ameshanyanyua mguu kuingia. Na baba wa watu, miaka thelathini na moja kazini, akaona aibu kituo chake kikae bila pini. Akaiokota, akaichoma pale pale.

Pale pale kwa macho yake. Na macho yake yalikuwa na mwaka wa tatu sasa tangu yaanze kumdanganya. Miwani alikuwa nayo, ya mtumba, mguu mmoja umefungwa kwa uzi wa mkewe, lakini hakuwahi kuivaa kazini. Dereva wa chuo alipopimwa akakutwa na macho mabovu, barua ya kuachishwa kazi aliipata wiki ileile. Yeye alibakiza miaka miwili kustaafu. Akaamua atafanya kazi kwa mazoea, na mazoea yalimbeba vizuri tu mpaka siku ile.

Kwenye mkunjo wa kiwiko, neva na mshipa wa damu vinalala bega kwa bega, vyeupe vyote viwili baada ya kukaa kwenye dawa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapigia kelele wanafunzi: viringisha, viringisha! Siku ile hakuviringisha.

*

Jumamosi asubuhi alikwenda chuoni na funguo zake. Akashuka ngazi kumi na nne, akawasha taa, akaifikia meza ya tatu.

"Shikamoo mzee," alimsalimia, kama alivyomsalimia kila siku. Marehemu alikuwa amemzidi umri, na heshima haiishi kwa sababu mtu hajibu.

Akavaa miwani yenye uzi. Akauinamia ule mkono. Nyama iliyokaa kwenye dawa haifungi tundu. Ukichoma leo, mwaka kesho tundu bado lipo. Yalikuwepo mawili. Moja kwenye neva, safi, limechomwa wima. Jingine kwenye mshipa wa damu, limekwenda mshazari, la mtu aliyekuwa na haraka.

"Ni mimi," alimwambia mzee wa meza ya tatu. "Umeona mwenyewe."

Aliporudi nyumbani akawaambia wote wawili. Alisimama kuwaambia, kama mtu yuko mahakamani.

Mama aliweka sindano chini. Kisha akasema, "Basi nenda useme pini iliangushwa na yule mnene. Si kweli iliangushwa?"

"Kweli."

"Basi ishia hapo. Kwamba uliirudisha wewe, nani kakuuliza?"

"Watauliza nani aliirudisha."

"Sema hujui! Hayo macho yako si hayaoni? Kwa nini leo ndiyo yaone?"

Binti akainua kichwa. "Baba, usiende kabisa."

"Nini?"

"Usiende. Wakijua mimi ni mwanao, watasema mtihani mzima tulipika hapa nyumbani. Wewe utafukuzwa, mimi nitafukuzwa, na mama ataanza kutushonea sare za kukaa bure. Acha niende chuo cha uuguzi. Uuguzi nao ni kazi."

"Ni kazi, ndiyo. Lakini wewe umefaulu."

"Hakuna anayejua hilo."

"Najua mimi," baba alisema.

*

Jumatatu saa moja na nusu alikuwa mlangoni kwa mkuu wa idara, shati limepigwa pasi, kola imefungwa mpaka juu. Sekretari alimwangalia, kisha akasogeza kiti chake nyuma kidogo na kufungua dirisha.

"Mzee, umeoga lakini?"

"Nimeoga mara mbili."

"Profesa ana kikao saa sita, leo haonani na mtu. Kama ni gloves, andika kwenye kitabu."

"Si gloves. Nitasubiri."

"Basi subiri koridoni, kuna hewa."

Akasubiri koridoni. Ukutani kulikuwa na picha za wahitimu, mwaka baada ya mwaka, kuanzia ile ya kwanza kabisa iliyogeuka rangi ya chai. Hakuhitaji macho kuijua. Vijana saba wenye makoti yaliyowazidi, walimu watatu wa kutoka ng'ambo, na pembeni bega moja la mhudumu kijana, maana fremu ilikata nusu yake.

Zamani jengo lile lilikuwa dobi la hospitali. Baadaye likafundisha wasaidizi wa waganga, miaka miwili mtu anatoka anajua kufunga kidonda na kuhesabu vidonge. Aliyetaka udaktari kamili alipandishwa meli, na wengi hawakurudi. Ndipo wakubwa wakaamua, tutafundisha hapa hapa. Wakaleta wanafunzi saba, mwili mmoja na kitabu kimoja. Mwalimu mkuu akampa mhudumu kijana wembe, akamwambia akikate kile kitabu vipande saba, kila mtu asome chake kisha wabadilishane. Aliona dhambi kukata kitabu cha bei vile. Kijana mmoja katika wale saba alianguka kwa kizunguzungu siku ya kwanza shuka lilipofunuliwa. Mhudumu akamdaka kabla hajafika sakafuni, akamweka kwenye ngazi, akampa maji, na wenzake akawaambia kijana ametumwa chumvi stoo.

Kijana yule ndiye sasa alikuwa mkuu wa idara. Miaka yote hiyo hakuna aliyeigusa habari ile ya chumvi.

Saa nne na nusu Profesa alitoka, mafaili kwapani.

"Mzee. Bado upo?"

"Nipo, Profesa. Ni mtihani wa marudio. Kituo cha kumi na moja nilikiharibu mimi."

Profesa akamwangalia. Akafungua mlango tena.

Ndani hakukaribishwa kukaa, akazungumza amesimama. Alieleza yote, pini, sinia, nyonga ya yule mnene, mkono wake mwenyewe.

"Msimamizi alikuwa wapi?"

"Alitoka kidogo."

"Na simu sikioni?"

"Mimi nilikuwa naangalia pini, Profesa."

Profesa akapiga kalamu mezani mara mbili. Alikuwa ameelewa. "Wiki nzima umekaa kimya. Leo ndiyo dhamiri imekuamsha?"

Hapo ndipo palipokuwa padogo kupita. Mzee akapiga moyo konde.

"Sikujua mpaka Ijumaa. Mtahiniwa namba saba aliniambia nyumbani. Ni mwanangu."

Profesa alinyanyuka taratibu. "Rudia."

"Namba saba ni binti yangu wa kumzaa."

"Yaani baba mtu amechoma pini za mtihani wa mwanae?" Sekretari alichungulia mlangoni, akaondoka upesi. "Miaka miwili! Na mimi nakuamini na funguo! Halafu unakuja saa moja na nusu kabla ya baraza na hadithi ya pini kudondoka? Ningekuwa mtu mwingine ningeita askari wa getini."

"Una haki, Profesa. Lakini ningemwibia, asingepata arobaini na tisa. Ningemwibia vizuri."

Lilimtoka tu. Pembeni ya mdomo wa Profesa kitu kilitikisika, kikajirudisha mahali pake.

"Matundu yapo," mzee aliongeza haraka. "Mawili. Tushuke ukaone. Na karatasi za majibu unazo humo kwenye mafaili. Zipange kwa mstari walivyoingia."

Profesa alikaa. Akatoa karatasi tisa, akazipanga mezani, moja hadi tisa, akawa anapitisha kidole kwenye swali la kumi na moja.

"Moja, neva. Mbili, neva. Tatu..." akakunja uso, "huyu kaandika kitu kilichoko mguuni. Nne, neva. Tano, neva." Kidole kikasimama. "Sita, mshipa wa damu. Saba, mshipa wa damu. Nane, mshipa wa damu. Tisa hakuandika kitu."

Akarudia tena toka mwanzo, kimya kimya.

Kisha akavua miwani yake, akafuta uso. "Tushuke," alisema.

*

Waliposhuka, Profesa aliinama kwenye meza ya tatu muda mrefu. Alipoinuka hakuangalia mkono, alimwangalia mzee.

"Pini iko upande gani wa meza ile?" Alionyesha meza ya tano, hatua kumi kutoka pale.

Mzee alikaza macho. Aliona meza. Aliona nyeupe juu ya nyeupe. "Kushoto," alisema.

"Hakuna pini pale."

Mzee akainamisha kichwa. Alingoja barua kama ya dereva. Na ajabu, alijisikia mwepesi, kama mtu aliyeshusha gunia akagundua mgongo bado upo.

"Miaka mingapi?"

"Wa tatu."

"Na hukusema."

"Nimebakiza miwili kustaafu."

Profesa alikwenda kukaa kwenye ngazi, ya tatu kutoka chini, koti lake zuri na vumbi lote lile. Alipozungumza, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mimi nilitumwa chumvi stoo siku ile," alisema. "Chumvi ambayo hatukuwa na kazi nayo. Wenzangu waliamini mpaka tukahitimu."

"Ilikuwa zamani, Profesa."

"Usinikatize. Barua ya onyo utapata, na utaisaini. Pini hushiki tena mpaka daktari wa macho aniandikie kwa mkono wake, na utakwenda leo, hapo ng'ambo ya ua, utasema nimekutuma mimi. Mtihani wowote ambao binti yako yumo, siku hiyo wewe huonekani hata kwenye geti. Kazi nyingine zote endelea. Sina mtu mwingine wa kuwafundisha watoto hawa kuviringisha kwa kidole."

"Na namba saba?"

Profesa aliinuka, akajipangusa. "Sisi tulitaka neva. Lakini kilichokuwa na pini kilikuwa mshipa wa damu. Aliyeandika alichokishika amejibu sawa. Nikimfukuza daktari kwa kusema alichokishika, nitabaki na wa aina gani? Kituo kimoja ni alama mbili. Saba anakuwa na hamsini na moja. Nane naye alikuwa arobaini na nane, anafika hamsini kamili. Sita alishapita. Tisa..." akatikisa kichwa. "Tisa hata pini angepewa mkononi."

Alipanda ngazi mbili mbili, maana saa sita ilikuwa inakaribia. Mzee akabaki ameshika ukingo wa meza ya tatu.

"Asante mzee," alimwambia mwenye meza. Akavuta shuka, akamfunika vizuri mpaka begani.

Jioni mama alipoambiwa alipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna harusi gani. "Ya pini!" alimjibu. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe! Miaka mitatu huoni, ndiyo maana hujawahi kusifia gauni langu la kijani."

"La kijani nililiona."

"Lina rangi ya maziwa."

Binti alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakamtoka, ya aina nyingine safari hii.

*

Wiki ya tatu alikuja kazini na miwani mpya, ya kuonea mbali na karibu, fremu nyeusi nzito iliyomfanya aonekane amekasirika. Alikuwa anavuka korido na ndoo ya gloves wakati wanafunzi wa mwaka wa pili walipotoka darasani, makoti yamefunguka, kelele tupu. Namba nane alikuwemo, kijana mrefu asiyejua hata leo ni nani alimwokoa. Mzee akajibana ukutani wapite, chini ya ile picha ya watu saba, kama alivyojibana miaka yote.

Binti yake alikuja katikati ya kundi. Akamfikia. Akasimama.

"Shikamoo baba."

Kelele zikakatika. Mmoja akasema, "Baba? Profesa wa Chini?" Mwingine akamkanyaga mguu.

Mzee alirekebisha miwani isiyohitaji kurekebishwa. Neno lao la miaka miwili lilikuwa limelala pale sakafuni, na yeye hakulitaka tena. "Marahaba, mama," alisema. "Kengele imelia."

"Nimeisikia. Mama kasema ukitoka upitie uzi mweusi. Mweusi, kasema, uvae miwani kabisa."

Koridoni wakacheka, na yeye akacheka nao.

"Haya, nenda, utachelewa."

Binti akageuka, akashika njia ya wodini, koti likimpigapiga miguuni. Mzee alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa korido, na mpaka kule mwisho aliuona uzi mmoja uliochomoza kwenye pindo, ule ambao mama alisahau kuukata.